Mzigo Ubaki Kambini: Mwongozo wa Kupiga Kambi na Baiskeli ya Milimani, Mtwara na Lindi

Ukimwona mtu anasukuma baiskeli kwenye mchanga wa Nanyamba saa saba mchana, shati limelowa, hema limefungwa kwenye keria na sufuria inagonga fremu kama kengele ya mbuzi, usimcheke. Mtu huyo nimewahi kuwa mimi. Vijana waliokuwa wanatoka shambani na baiskeli zao nyeusi zisizo na giya walinipita, mmoja kapakia gunia la mihogo na mdogo wake kakaa juu ya gunia. Wakasimama, wakaniuliza kwa adabu: "Shikamoo kaka. Imeharibika?" Baiskeli ilikuwa nzima. Tatizo nilikuwa nimebeba nyumba.

Tangu siku ile nimeacha kuhama na mzigo kila siku. Natafuta kambi moja yenye maji, nalala hapo siku mbili au tatu, asubuhi natoka mwepesi na jioni narudi kwenye hema lililokwisha simama. Wenzetu wa zamani walioujua uzito wa njia hizi hawakuwa na hiari hiyo. Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 zilishuka hadi bandarini kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku nne hivi kila safari. Wewe una hiari. Itumie.

Hatua ya kwanza: chagua kambi kabla ya njia

Wengi hupanga safari kwa kuchora mstari kwenye ramani: leo kilomita 60, kesho 70, tutalala tutakapofikia. Huku kusini mpango wa namna hiyo huvunjika siku ya pili, na kinachouvunja ni maji. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaoimeza mvua yote. Ukiwa juu, Tandahimba au Newala, unaweza kuendesha nusu siku bila kuvuka hata kijito. Watu wa huko wamezoea kukinga mvua kwenye visima vya saruji, au kuyafuata maji bondeni. Chemchemi ziko chini, miguuni mwa uwanda. Kwa hiyo kambi iwe chini kwenye maji, kupanda kuwe kwa mchana ukiwa na chupa tu.

Kambi za umma zenye bango, choo na bomba kama zile za hifadhi za kaskazini ni chache mikoa hii. Ukisubiri bango hutolala. Mimi hutumia aina nne za mahali.

Ya kwanza ni misitu ya serikali iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa mwendesha baiskeli hakuna unaoushinda Rondo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo iko juu ya uwanda wake wenyewe, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari pale palipoinuka zaidi, kaskazini ya bonde la Lukuledi. Njia za magari ya magogo, vivuli vya miti mikubwa, udongo mwekundu unaoshika tairi, na usiku hewa inayokufanya utafute sweta ukiwa Lindi. Usiku huohuo sikiliza juu ya miti. Komba wa Rondo, mnyama aliyepewa jina la mahali hapa, ana uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana, lakini sauti yake haifanani kabisa na umbo lake.

Ya pili ni ufukwe ulio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000. Unaingilia Msimbati, unalipa langoni, na upande wa Ruvula mchanga ni mweupe na bahari iko hatua chache tu kutoka mlango wa hema. Ni kambi nzuri kwa macho na mbaya kwa cheni. Nitaeleza.

Ya tatu ni misheni na shule zenye viwanja. Ndanda, njiani kati ya Mnazi Mmoja na Masasi, Wabenediktini wapo tangu 1906, na mahali pana kila unachohitaji: maji yanayoshuka kutoka kingo za Makonde, soko, hospitali, na mpando mkali unaoanzia karibu na mlango. Omba ruhusa ofisini, usijipenyeze tu kwa kuwa lango liko wazi.

Ya nne ni uwanja wa kijiji. Nimelala viwanja vya mpira, kando ya zahanati na nyuma ya ofisi ya kata, na kwa kweli huko ndiko nilikolala vizuri kuliko kote.

Mapori ya akiba yaliyo chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, kama Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu au Msanjesi upande wa Masasi, nayo yana mahali pa kulala wageni, lakini siyo mahali pa baiskeli. Kwa simba, mtu anayepita kwa kasi, kimya, ameinama juu ya usukani, hana tofauti kubwa na swala. Nenda huko na gari, baiskeli ibaki nyumbani.

Msimu na upepo

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei barabara bado zinakauka. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuendesha, ila kila mwezi una mtihani wake.

Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma na uwanda una baridi ya usiku. Ukipanga njia ya pwani, anzia Mtwara uelekee Lindi, kusi likusukume mgongoni. Ni kilomita 100 na kidogo kwa barabara ya lami, na mwenye kuzifanya kinyumenyume mwezi Julai atanikumbuka. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mashine huanza alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande, yaani saa ileile unayotaka kutoka. Salfa ikikuingia machoni ukiwa kwenye mteremko hutaona hata usukani. Jioni muulize mwenyeji, "Kesho wanapuliza upande gani?" na ubebe miwani na kitambaa cha pua.

Agosti na Septemba nyasi zimekauka na moto wa porini unatembea. Upupu nao umekomaa. Kwenye vijia vyembamba vijiganda vyake vinaning'inia usawa wa mkono ulioshika usukani, na ukivigusa, safari imeisha kwa saa nzima. Usikune. Bandika utepe wa gundi au kidonge cha ugali juu ya ngozi, uvute vinyweleo vitoke, ndipo unawe. Vaa mikono mirefu na glavu miezi hiyo hata kama jua ni kali.

Oktoba kuendelea ni korosho. Malori yanajaa barabarani, mashamba yana walinzi, na mgeni anayekatiza chini ya mikorosho na begi mgongoni anaulizwa maswali. Ana haki ya kuulizwa. Mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoanguka utapewa ukiomba, korosho usiokote hata moja. Tena usijaribu kuchoma korosho za maganda kwenye moto wa kambi kwa kujaribu bahati. Mafuta ya ganda lile huruka na kuunguza ngozi, na moshi wake unawasha kifua. Waachie kina mama wanaojua kazi hiyo.

Ruhusa: kazi ya siku moja inayookoa tatu

Kwa msitu wa TFS, nenda ofisi ya wilaya kabla ya safari. Kwa Rondo, ofisi hizo ziko Lindi. Eleza unataka kuingia na baiskeli, kulala siku ngapi, na kuzunguka njia zipi. Utapewa namba ya malipo ya serikali, utalipa kwa simu au benki, na ujumbe wa malipo ndiyo tiketi yako. Uchapishe, kwa sababu simu itaisha chaji palepale unapohitaji kuionyesha. Mtu akikuambia mpe mkononi atakusaidia, mshukuru na urudi dirishani. Uliza pia kama askari wa msitu atakuongoza. Mara nyingi anakubali, na anajua njia kuliko ramani yoyote ya simu.

Kijijini, mlango ni mtendaji wa kijiji, na kama hayupo, mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Fika kabla ya saa kumi jioni. Shuka kwenye baiskeli kabla ya kufika barazani, vua kofia ngumu na miwani, amkia wazee kwanza ndipo ueleze shida yako. Kitambulisho cha taifa mkononi, jina kwenye kitabu cha wageni. Sema umetoka wapi, unakwenda wapi, mko wangapi. Watu watashangaa kwamba umekuja kwa baiskeli kwa hiari yako na wala huuzi kitu, na swali la "unatangaza nini?" nimelijibu mara nyingi. Jibu fupi linalokubalika ni "mazoezi".

Mpaka wa Ruvuma ni habari nyingine. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wapiganaji kutoka ng'ambo ya mto, na tangu hapo vyombo vya ulinzi viko macho ukanda wote. Mimi sipigi kambi kando ya Ruvuma, na nikipita karibu napita mchana baada ya kuripoti. Vivyo hivyo kwenye visima vya gesi vya Msimbati na mitambo ya Madimba: usipige picha, usikate kona kufuata kijia kinachoonekana kitamu kando ya uzio.

Jambo moja zaidi la adabu. Kipindi cha likizo ya Juni na ya Desemba vijiji vingi vina jando na unyago. Ukisikia ngoma ndani ya pori, au ukaambiwa "huko hakupitiki", geuza baiskeli. Usiulize kwa nini.

Kuiandaa baiskeli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu fundi baiskeli wa kijijini ana akili na mikono kuliko mimi na wewe, ila hana vipuri vya baiskeli yako. Dukani utapata tyubu za 26 na 28, spoku za 28, gundi, viraka, na breki za mpira. Hutapata tyubu ya 29 wala pedi za breki za diski. Tyubu ya 26 inaweza kuvutwa ikaingia kwenye tairi la 27.5 au 29 na kukufikisha kambini. Si ya kuishi nayo. Pampu za huko hazishiki valvu nyembamba, basi beba kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia. Kinauzwa bei ya soda, na kimewahi kuniokoa Mtama siku ya Jumapili.

Mbigili ndiye adui wa kusini. Kama tairi zako ni tyubulesi, yaani hazina tyubu ndani, weka mililita 100 za dawa ya kuziba kwa tairi la 29 na ukague kila baada ya miezi miwili, maana joto la pwani huikausha ikabaki ngozi tu. Kama una tyubu, beba mbili na viraka visivyopungua kumi.

Upana wa tairi uwe inchi 2.25 au zaidi. Mimi nina kilo 70 hivi. Kwenye udongo mgumu naweka upepo wa psi 26, kwenye mchanga nashuka hadi 18 kwa tyubulesi. Mwenye tyubu asishuke chini ya 22, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe la kwanza na kuitoboa mashimo mawili kama meno ya nyoka.

Kabla ya kuondoka badilisha pedi za breki hata kama zimebaki nusu. Mteremko wa kutoka uwanda wa Makonde upande wa Newala au Masasi ni mkali, tofauti na upande wa bahari ambako uwanda unashuka taratibu kiasi kwamba hujui kama unashuka. Beba pia kifaa cha kukatia cheni na pini zake mbili, sikio la akiba la kushikia mkono wa giya wa nyuma, spoku tatu zilizofungwa kwenye fremu, vikamba vya plastiki, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani tairi likipasuka, na mafuta makavu ya cheni. Grisi na mafuta mazito ya gari hugeuka msasa yakikutana na vumbi la huku.

Mzigo wa kambi

Kwa kuwa hema litakaa mahali pamoja, huna haja ya vitu vyepesi vya bei mbaya. Una haja ya vitu vinavyopitisha upepo. Hema la watu wawili lenye wavu mzima na turubai la nje linaloweza kukunjwa juu linatosha pwani. Wavu ni lazima, kwa sababu malaria ya Lindi na Mtwara haina utani. Mkeka wa plastiki chini ya hema huzuia vijiti na siafu wa kwanza wawili. Kwa kulalia chukua godoro jembamba la sponji. La kujaza upepo litatoboka, na usiku huo ndio utajua ardhi ilivyo. Pwani shuka moja na kanga vinatosha. Rondo na Newala mwezi Julai chukua blanketi au mfuko wa kulalia na soksi kavu ambazo huzivai mchana kamwe.

Jiko: mitungi midogo ya gesi ya kuwekea jiko juu usitegemee kuipata Masasi wala Lindi. Jiko la spiriti linatosha chai na uji, na kama mko zaidi ya wawili, nunueni jiko dogo la mkaa na mkaa wa debe moja sokoni karibu na kambi. Msituni uliza kwanza kama moto unaruhusiwa na wapi. Usikate kuni mbichi, hata tawi.

Taa ya kichwani, pawabenki mbili, kamba ya mita 10, jembe dogo, ndoo inayokunjika, madumu mawili ya lita 10. Madumu ndiyo kiti, ndiyo meza, ndiyo kipimo cha siku zilizobaki.

Kufika

Mabasi ya Dar kwenda Mtwara, Masasi na Nachingwea hupakia baiskeli kwenye buti ukielewana na kondakta kabla ya kupanda. Ongea naye jioni ya kuamkia safari, kwani saa kumi na moja alfajiri stendi imechafuka. Toa gurudumu la mbele na pedali, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na ingiza kipande cha boksi kati ya pedi za breki, maana mtu akiibinya hendeli pasipo diski, zitajifunga na hutazifungua barabarani. Ilaze upande wa cheni ukiwa juu. Omba risiti ya mzigo.

Kwa Rondo shuka Mtama. Kwa Ndanda basi la Masasi linakupitisha mlangoni. Kutoka stendi mpaka kambini pakia mzigo kwenye bajaji au bodaboda, wewe endesha nyuma yake mtupu. Kuna wanaosema huo si uungwana wa baiskeli. Waache wasukume.

Kusimamisha kambi

Fika jua likiwa juu. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza la huku haligongi hodi. Zunguka eneo kwa miguu kwanza. Angalia juu: nazi, matawi makavu, maembe. Angalia chini: njia za siafu, mashimo, kinyesi cha wanyama, alama za maji ya mvua. Chagua ardhi iliyokwatuliwa au yenye nyasi fupi, na Agosti hadi Oktoba fagia duara la mita tano kuzunguka hema ili moto wa porini ukija usikute cha kula. Mlango uupe kusi mgongo, uelekee kaskazini au magharibi. Ufukweni panda juu ya mstari wa magugu makavu ya bahari, kisha panda tena hatua kumi, kwa sababu siku za bamvua maji hufika yasikofika siku nyingine. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Funga kamba kwenye mifuko iliyojazwa mchanga, uizike.

Kama mahali hapana choo, chimba shimo la sentimita 20, hatua 80 kutoka kwenye maji, ulifukie. Takataka zote zirudi nawe hadi mjini. Kuchoma plastiki msituni si kusafisha.

Baiskeli zilale zimefungwa pamoja kwa mnyororo kwenye mti, na kamba nyembamba kutoka spoku hadi ndani ya hema, imefungwa kwenye sufuria. Sijawahi kuibiwa kijijini. Niliibiwa taa mjini, mchana, mbele ya macho yangu. Kambi yenye mlinzi, kaa naye dakika kumi jioni ya kwanza, mpe kikombe cha chai. Mzee mmoja aliniambia, "Mjomba, lala. Wezi wa hapa wote nawajua, ni wapwa zangu."

Siku ya kuendesha

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Umande umeshika mchanga, jua halijapanda, na kilomita za saa mbili za kwanza ni nusu ya kazi ya siku. Saa tano uwe kivulini. Saa tisa endelea, saa kumi na moja uwe kambini.

Kwenye mchanga tifutifu weka giya nyepesi kabla hujaingia, sogeza uzito nyuma, legeza mikono, piga pedali bila kukatiza. Usukani utacheza, uache ucheze. Anayekaza mikono ndiye anayelala kifudifudi. Kona usiikate, iache baiskeli iipinde polepole. Tazama alama za baiskeli za wenyeji: wanajua ukingo upi ni mgumu, na mara nyingi ni sentimita 20 za njia kando ya nyasi.

Msimbati hali ni tofauti. Pale unaendesha juu ya mchanga uliolowa wakati maji yamekupwa, na ukiupatia ni kama lami. Waulize wavuvi saa ya kupwa, na kumbuka husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Toka muda wa saa mbili kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, geuza yanapoanza kujaa. Ukichelewa utasukuma kwenye mchanga laini wa juu hadi uone aibu. Jioni mwagia baiskeli maji baridi yasiyo ya chumvi, taratibu, bila kuelekeza kwenye beringi, paka cheni mafuta siku hiyohiyo. Chumvi haingoji kesho.

Mzunguko ninaoupenda kuliko yote ni wa Ndanda: kupanda kingo asubuhi na mapema mkiwa na lita nne za maji kila mtu, kuzunguka juu kwenye mikorosho na mihogo, kununua chapati na mbaazi kwa mama wa njiani, kushuka alasiri. Kushuka kunahitaji kiti kilichoshushwa, breki zinazobonyezwa na kuachiwa badala ya kushikiliwa, na kituo katikati ili diski zipoe. Ukizimwagia maji utazipinda. Newala nayo nenda siku yake, usimame Shimo la Mungu, mahali uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini hadi Msumbiji. Pale shuka kwenye baiskeli mita nyingi kabla ya ukingo.

Masasi ni mawe. Miamba yake mikubwa ikiwa mikavu inashika tairi vizuri mno, ila uliza kwanza upi ni wa matambiko. Na mwenye miguu iliyokomaa anaweza kuitazama Milima ya Matumbi upande wa Kilwa, kule Kipatimu, eneo ambalo vita vya Majimaji vilianzia 1905. Mipando ya kule si ya kujaribia mwili.

Maji na tumbo

Hesabu lita nne hadi tano za kunywa kwa mtu kwa siku ya kuendesha, na tatu za kupikia na kunawa. Maji ya kisima, ya bomba la kijiji na ya chemchemi yote yatibu: chemsha hadi yatokote kabisa, au vidonge vya klorini na usubiri nusu saa. Yakiwa na tope, chuja kwa kitambaa kwanza, vinginevyo kidonge kinapoteza kazi. Chumvi kidogo na sukari kwenye chupa moja kati ya tatu, pamoja na maji ya ndimu, inarudisha kiasi cha kinachotoka na jasho.

Chakula usibebe cha mji. Soko la Ndanda, Mtama au Mikindani lina mihogo, ndizi, karanga, dagaa, nyanya. Korosho zilizobanguliwa ndiyo chakula bora cha mfukoni kwa mwendesha baiskeli, na uko nyumbani kwake. Ming'oko ya kuchemsha ukiiona kwenye beseni kando ya barabara, nunua, ukatie chumvi na pilipili. Uraka, pombe ya mabibo, mtakaribishwa msimu wake. Onja kambini jioni, si mchana kabla ya mteremko.

Wanyama na majeraha

Utafiti wa kisayansi uliochapishwa 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Wengi walivamiwa msimu wa mavuno, wakilala mashambani kuwafukuza nguruwe pori. Kwa hiyo usipige kambi kando ya shamba, hata dungu likiwa tupu na linakuita. Lala penye watu. Liwale na Nachingwea tembo nao huingia vijijini: uliza, na ukiambiwa wamepita jana, badilisha njia ya leo. Mto au ziwa lolote, chota mahali wanawake wa kijiji wanapochota, maana mamba wa pale wanajulikana kwa tabia.

Viatu vikung'utwe asubuhi, nge hupenda joto lake. Aliyeumwa na nyoka asitembee, asichanjwe chale, asifungwe kamba ya kubana. Mfunge mguu kwenye fimbo usitikisike, mpandishe bodaboda katikati ya watu wawili, hospitali moja kwa moja. Kabla ya safari andika kwenye karatasi hospitali iliyo karibu na kila kambi: Ndanda, Nyangao, Sokoine pale Lindi, Ligula na ile ya rufaa ya kanda kule Mtwara. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Homa yoyote baada ya kurudi, hata ikija wiki kadhaa baadaye, pima malaria kabla ya kununua dawa.

Kuvunja kambi

Hema likunjwe likiwa kavu. Kama umande umelishika, litandaze juani wakati mnakunywa chai. Fukia majivu baada ya kuyamwagia maji na kuyapapasa kwa mkono. Mkaa uliobaki, madumu na jiko mwachie mlinzi au jirani, atavifurahia kuliko buti la basi. Halafu rudi ofisini kwa mtendaji, uage, umwombe kitabu cha wageni uandike saa uliyoondoka mbele ya jina lako. Ukisahau, kuna mtu atatumwa jioni kukutafuta porini na tochi, na atakuwa na haki ya kukukasirikia.